Miraba Tisa ya Kijani

Kwa Mfaume, nyuma ya ghala la korosho, Tandahimba,
mchezo ulikuwa shilingi hamsini
na televisheni ya chogo ilichelewa kuwaka
kama mtu aliyeamshwa usingizi wa mchana.

Kwanza unaichomoa kaseti, unaipuliza kwenye meno,
unairudisha.
Ndipo mbingu: buluu moja tupu, bila wingu la kubahatisha.
Mti: miraba tisa ya kijani juu ya miwili ya kahawia.
Somoe akaapa ule ni mkorosho.
Tukabishana mpaka zamu yake ikapita.

Shujaa hakuwa na uso.
Mraba mmoja mweusi, basi, hilo ndilo jicho,
na bado tulijua ameogopa.
Sisi ndio tuliomwogopea.

Juzi mpwa wangu kanionyesha simu:
majani yanatikisika moja moja,
askari jasho linamtiririka shingoni.
Nikasema nzuri. Ni nzuri kweli.
Ila wamemaliza kila kitu, hawakuniachia kazi.

Leo arobaini ya Mfaume.
Picha yake ni ile moja, ya kitambulisho,
wameikuza Mtwara mjini mpaka imekatika miraba miraba,
shavu ngazi ngazi, kofia imemeguka.
Watu wananong'ona: fundi kala hela ya bure.

Nikarudi nyuma hatua tatu,
nikafinya macho.
Mfaume akajikusanya,
akaniangalia vilevile:
hamsini yako imekwisha, mpishe mwenzio.