Alichosema Fundi Saa

Usiku wa kurudisha saa nyuma, Leicester.
Saa nane itageuka saa saba, na zamu yangu
itanenepa kwa saa nzima asiyoilipa mtu.
Nimebeba ngazi ya kukunja, napita korido kwa korido
nikiziambia saa za ukutani zianze upya.

Kengele ya chumba namba sita.
Nafika na maji, na vidonge vya presha:
Bi Hemlata kaketi wima, miwani puani,
televisheni inawaka bila sauti.
"Njoo," asema, kwa Kiswahili cha Tanga
ambacho wanawe hawakukichukua
(kilibaki uwanja wa ndege, pamoja na masufuria).
"Njoo upesi, anakuja yule fundi saa."

Namjua. Nani asiyemjua?
Kibanda cha kona, shati moja, nywele za mafuta.
Binti wa jaji alimletea saa ya dhahabu,
akaitengeneza, kisha kwa makusudi
akaichelewesha dakika tano
ili binti arudi kulalamika.
Akarudi. Akarudi mara saba!
Na kila aliporudi fidla zililia kutoka kusikojulikana
na mvua ikawanyea wao wawili tu.

Nilikuwa na miaka tisa, Barabara ya Nane,
mapajani mwa mama, wawili kwa tiketi moja.
Taa za mapumziko zilipowaka
karanga zilikuwa bado zimejaa kwenye karatasi yake,
na pindo la kanga limelowa.
Tulirudi na wimbo mdomoni, maneno tumeyaacha ukumbini,
basi mama akaushonea mengine:

    Saa yangu imekwama, fundi wangu nitazame,
    moyo wangu waungama, usiku usinihame.

Aliuimba akipepeta mchele.
Aliuimba akimngoja baba, aliyekwenda Maskati
kwa miezi sita iliyozaa miaka.
"Kwani fundi anasema nini hasa, mama?"
Hakusita hata kidogo:
"Anasema, nisubiri. Nitafika, hata nikichelewa."

Bi Hemlata amefungua sauti,
kidogo tu, ile isiyomwamsha mzee wa chumba cha pili.
Fidla. Vidole juu ya ngoma. Kisha yule mwanamke,
sauti nyembamba, uzi unatafuta tundu la sindano.
Dirishani mvua ya Leicester inamnyea kila mtu,
basi la mwisho, mapipa, duka la sari lililofungwa.

"Anasema nini?" nauliza.
Miaka arobaini na miwili nauimba.
"Kihindi changu nacho cha sinema," ananionya,
"nyumbani sisi Kigujarati." Anasikiliza, kidole hewani.
"Anasema, usinisubiri.
Saa hii haitengenezeki tena.
Fuatana na wanaokwenda, bado kuna mwanga."

Nikashika ukingo wa kitanda.
Mama alifua nguo miaka sita kwa kina Popatlal,
akajua bei kwa lugha yao, na matusi, na majina ya viungo.
Mimi nilidhani hakuwa na la kuelewa.
Au alielewa, pale pale gizani, kabla ya karanga,
akakaa kimya njia nzima
akitafuta vina?

Wapenzi wanaachana kwenye ngazi za mahakama.
Bi Hemlata anapenga kamasi kwa nguvu, kama mwanamume.
"Nipe mkono," namwambia, "nikurekebishie na yako."
Anaifunika saa yake kwa kiganja.
"Hii usiiguse. Warudi nyuma wao.
Mimi nikirudi, nitamkuta nani?"

Imebaki ya jikoni.
Napanda ngazi, nasukuma mshale kinyumenyume,
na midomo inaanza yenyewe, kwa maneno ya mama,
inakwenda vizuri mpaka *usiku*,
kisha inasita.