Waya wa Kupima Pumzi

Gari lilianza kukohoa tukiiacha Kitangali,
magunia kumi na mawili ya korosho nyuma,
mbele kuku wawili wa abiria aliyenisihi nisiwatikise.
Mlima ukaja. Gari likakataa.
Ikawaka taa ya injini, njano,
njano ileile ya salfa
tuliyopuliza mikoroshoni mwezi wa sita
hata chafya zetu zikawa na rangi.

Ndiyo maana nilinunua ile filta.
Ya karatasi ilikuwa ikijaa vumbi kila wiki.
Kijana wa duka la spea, Mtwara mjini,
akaniinulia kitu chekundu:
pamba, wavu wa chuma, na mafuta yake chupani.
"Hii unafua, unapaka, unarudisha.
Utazikwa wewe, yenyewe itabaki."
Akanipaka mafuta kwa mgongo wa chupa,
nami nikaenda nyumbani
nikaipaka filta kwa mdomo wa chupa.

Nilipaka, jamani.
Nilipaka kama mama anayempaka mwanawe siku ya picha:
shingoni, nyuma ya masikio, magotini,
mpaka kitoto kinateleza mikononi.
Nani aliwahi kuniambia mafuta yana kipimo?

Gereji ya Somoe Nandonde iko nyuma ya stendi ya Newala.
Hakunicheka.
Alilegeza bomba la hewa, akachomoa kidude
kisichozidi kidole gumba, akakiinua juani.
Ndani mna waya. Nilikodoa macho ndipo nikauona.
"Huu huwashwa moto," akasema. "Hewa ikipita, unapoa.
Kompyuta inasoma ulivyopoa,
inajua injini imevuta pumzi kiasi gani,
ndipo inapima petroli."
Waya ule ulikuwa umevaa koti:
mafuta, na juu ya mafuta, vumbi jekundu la barabara yetu.
Upepo ulipita, wenyewe umejifunika, hausikii baridi.

Nikaikumbuka mizani ya chama cha msingi, mwaka ule
tope lilipoganda chini ya sahani
na karani akaandika kilo zetu, pungufu,
kwa mwandiko mzuri kabisa.
Uongo mtupu, na hakuna aliyedanganya.

"Kwa hiyo hizi filta zinaua sensa?"
Nilitaka jibu la kumrushia yule kijana usoni.
Somoe alikuwa anapuliza dawa kwenye waya,
kwa mbali, kama anayepoza uji wa mgonjwa.
"Juzi nimefungua Prado ya mradi wa maji.
Filta ya karatasi, ya kiwandani, haina tone la mafuta.
Waya wake mchafu kuliko wako.
Na Chilumba, yule wa mbao,
mwaka wa nne huu na nyekundu kama yako,
sensa yake sijaigusa.
Yeye hupaka matone. Halafu anailaza usiku kucha
pamba iyanywe, ndipo anaifunga."

"Basi kosa langu."

"Sijasema hivyo.
Kitu kinachotaka mkono mwepesi,
ukawauzie watu wenye mikono ya jembe..."
Hakumaliza. Alikuwa anatafuta bisibisi.

Elfu kumi na tano.
Gari likapanda na mzigo wake bila kuguna.
Kuku walifika wazima, mmoja ametaga chini ya kiti,
mwenyewe akaniachia yai, sijui kwa shukrani au kwa kusahau.

Sasa nimefunga ya karatasi, kwa muda.
Ile nyekundu nimeifua kwa sabuni, nikaipaka matone,
nikayahesabu kwa sauti mke wangu akinitazama.
Imening'inia kwenye kamba kando ya sare za watoto.
Leo ni siku ya tatu.
Kila nikipita naigusa,
nakiinua kidole juani, nakitazama.

Bado.