Karatasi Kavu

Mimi ndiye niliyeshika daftari.
Miaka tisa, jumuiya ya Mtakatifu Ana,
huku chini ya vilima vya Chetambe,
mwezi kwa mwezi, jina kwa jina,
kalamu nyekundu kwa wasiolipa zaka,
ya buluu kwa sisi wengine.
Langu lilikuwa buluu tangu Januari hadi Desemba
na siwezi kusema sikuwa nikilitazama.

Khaemba alikufa Jumanne,
kifua kikimbana tangu msimu wa mahindi mabichi.
Alichota mchanga Nzoia, akawauzia wenye malori,
na mchanga wote ule haukumjengea hata choo.
Daftarini alikuwa mwekundu
kama jicho la anayepikia kuni mbichi.
Katekista akaniuliza, "Ana deni?"
Nikafungua ukurasa, nikasoma.
Nilisoma vizuri,
kwa sauti ile ninayosomea somo la pili.
Ikaamuliwa: misa hapana, kwaya hapana,
msalaba wa jumuiya ubaki kabatini.
Nikatumwa kumwambia mjane.

Mvua ya mawe ilinikuta karibu na kinu cha kusaga.
Nikavua koti, nikalifunika daftari,
si kichwa changu.
Nasema hili ili mnijue.

Kwa Nabwile hapakuwa na hema wala viti vya kukodi.
Alikuwapo Namalwa, mpika chang'aa,
yule tuliyezoea kumwombea aongoke
kwa sauti ya kumfikia kule kwake ng'ambo ya ua.
Pipa lake la pombe alikuwa amelisugua kwa majivu
mpaka likang'aa,
akalijaza maji, akamwosha marehemu,
yeye na wachota mchanga wawili.
Sisi wa jumuiya hatukuwepo.
Hatukuwa na ubaya na mtu.
Tulikuwa na mazoezi ya kwaya.

Kuni zilikuwa zimelowa. Watoto wanatetemeka.
Namalwa alipiga magoti mbele ya mafiga
akipuliza, akipuliza, moshi ukimrudia usoni,
kisha akageuka, akaniona nimesimama mlangoni
na ujumbe wangu mdomoni.

"Katibu," akasema, "una karatasi kavu?"

Hakuwa akinipiga fumbo.
Alitaka karatasi.

Na katika boma lile zima kitu kikavu
kilikuwa kwapani mwangu, ndani ya mfuko wa nailoni.

Sikumjibu upesi.
Nilimfikiria paroko. Nilifikiria ukaguzi wa Juni.
Nilifikiria, Mungu anisamehe, mwandiko wangu,
jinsi ulivyonyooka.
Kisha mtoto wa mwisho wa Khaemba akakohoa,
na kikohozi kilikuwa cha babake,
kile kile, kimerithiwa kizima
kama wengine wanavyorithi ng'ombe.

Nikachana ukurasa wa Khaemba kwanza.
Ulikuwa mtupu karibu wote; ukawaka kidogo, ukazima.
Nikachana wangu.

Wangu ulishika.
Januari ikajikunja, Februari ikafuata,
imelipwa, imelipwa, imelipwa,
na kijiti cha kwanza kikakubali.
Sikuishia hapo. Nilimpa Namalwa ukurasa wa mwenyekiti,
wa mwalimu mkuu, wa mwenye duka la dawa,
akawalisha motoni mmoja mmoja
bila kusoma majina. Hajui kusoma.

Sufuria ikaanza kuimba.
Chai ilikuwa ya rangi, sukari ya kukopa.
Watoto walipewa kwanza,
kisha wachota mchanga, kisha mjane,
na mimi mwisho, katika kifuniko cha chupa ya chai.
Nabwile akaniuliza, "Umekuja kuomba nasi?"
Ndiyo, nikasema,
nikaomba bila kitabu,
nikikwama kila sentensi kama mtoto wa ubatizo.

Kesho kutwa ni Jumapili.
Paroko ataitisha daftari
nami nitampelekea majalada na uzi.
Atauliza kurasa ziko wapi.
Sijapanga jibu.
Mikono yangu bado inanuka moshi
na leo, kwa mara ya kwanza,
sina haraka ya kunawa.