Kipande cha Kondo

Walimwomba mama mkwe kwanza, si mimi:
kipande tu, ukubwa wa kucha ya gumba,
wakitazame kwa darubini
kama malaria ilijificha kwenye kondo
siku zile damu ya kidole ikisema sina.

Nyevu wa utafiti alitusomea fomu kwa Kigiriama,
akakwama kwenye "sampuli",
akasema: kionjo, kama cha mchuzi.
Tukacheka. Hata mimi, tumbo likinitetemeka.

Mama mkwe hakucheka sana.
"Na kitakachobaki?"
"Ni chenu. Mtazika."

Tukazika hapa Jilore, nyuma ya jiko,
kondo lililopungua kidogo.
Kile kingine kina namba, kimelala barafuni mjini
kwenye jokofu lenye jenereta yake,
na sisi stima haijatufikia.
Mwanangu akiulizwa kwao, atataja pawili.

Majibu yalikuja ameshaota meno.
Vimelea walikuwemo, akasema Nyevu, wengi,
ndio waliomnyima chakula humo ndani,
akatoka na kilo mbili kasoro.

Nikamwomba arudie, polepole.
Miezi saba
nilikuwa nazilaumu kuni nilizobeba.