Baada ya 142

Likizo yangu ni siku tisa. Nimeitia sahihi
kwa kalamu ya wodi, ile iliyofungwa uzi,
na sasa, kabla usingizi wa zamu haujanishika,
nimechuchumaa Tom Mboya, kando ya benki,
mbele ya vitabu vilivyofunikwa nailoni
kama mboga zinazoogopa manyunyu ya Julai.

Nataka kitabu cha visiwa. Si cha picha.
Picha ninazo: Kerubo amenitumia arobaini,
zote za maji, zote za miguu yake.
Nataka kitabu kitakachoniambia
mashua ya saa mbili huondoka saa ngapi.

"Hiki," asema Mulwa, "kina visiwa vya dunia nzima."
Nakinyanyua. Mkono wangu hupima watoto
kabla ya mizani; haukosei sana.
Kilo mbili na robo. Ataishi,
lakini nani atambeba hadi Mbita?
Ndani, ziwa letu lina aya moja,
na katika aya hiyo mbu wamepewa sentensi mbili.

Cha pili ni chembamba, kinang'aa,
kimeandikwa na mtu aliyefika Jumamosi
akaondoka Jumapili na mapema.
Anasema wenyeji ni wakarimu.
Anasema wenyeji hucheka.
Hasemi walikuwa wakicheka nini.

Cha tatu kina doa la chai na jina la mwenyewe,
F. Adhola, 1998, wino wa buluu.
Daraja la Rusinga halimo. Kuna tuta la mawe,
na nauli ambayo leo hainunui andazi.
Mulwa aniona nikisita. "Dada, visiwa havihami."
Kweli, havihami. Ni sisi tunaovifuata,
tunavifunga kwa daraja, tunavipa geti,
na hapa, magoti yakiniuma, najiuliza
kama kisiwa unachokifikia kwa miguu
bado ni kisiwa, au ni mtaa tu
uliozoea kuzungukwa.

Simu yatetema. *Bado uko na vitabu?
Simu inajua yote.*
Ndiyo, inajua. Imenipa nyumba ya wageni
yenye nyota nne nukta tatu, na mtu mmoja
aliyetoa nyota moja kwa sababu ya vyura.
Mimi vyura ndio ninaowatafuta.
Miaka sita nimelala mchana
nikisikiliza jirani akiosha magari ya watu.

Narudi kwa Adhola. Kalamu yake imetembea humu:
pembeni mwa Mfangano, *panda asubuhi*;
pembeni mwa mkahawa fulani, *hapana, hapana*;
penye Takawiri, katika mshono wa kitabu,
mchanga. Umenimwagikia kidoleni,
mkavu, baada ya miaka yote hiyo.

Halafu 142. Halafu 145.

Napapasa. Si panya, si maji.
Karatasi imekatwa taratibu, pengine kwa wembe,
kama tunavyotoa nyuzi kwenye kidonda kilichopona.
Nafungua orodha ya mwisho. Visiwa vimepangwa,
kila kimoja na namba yake, na penye 143
amepitisha kalamu juu ya jina, akapitisha tena,
hadi pakatoboka.
Nainua kitabu. Kwenye tundu naona
kipande cha bango la daktari wa meno,
jino moja jeupe, na mvua.

Alikuwa akikificha, au alikichukua
mfukoni, kimekunjwa mara nne,
akaenda?

"Kina kasoro hicho," asema Mulwa, mwaminifu ghafla.
"Toa mia mbili."
Nampa mia tatu na hamsini, bei aliyoanzia.
Anazihesabu mara mbili, akinitazama
kama mtu ambaye hajalala.
Sijalala.

*Umepata?*
*Nimepata,* namwandikia. *Visiwa vyote, kasoro kimoja.*
*Kipi?*