Gorogoro Moja

Novemba, mahindi tele, Kimilili, pale kati,
Nikapewa ghala lile, funguo, kiti, dawati,
Na mizani ya kelele, yenye kutu ya mabati,
Nikavaa langu koti, nikaitwa "Bi Meneja".

Siku ya tatu jioni, nikalipima gunia,
Nililolijua ndani, tisini zimetimia;
Mshale kwenye mizani, ukagoma kufikia,
Kilo mbili zaishia: ndiyo gorogoro moja.

Mukhwana akanicheka, akachokonoa meno:
"Hiyo ni ada ya mwaka, si wizi, ni mapatano;
Wenzetu wote wafyeka, hata kilo nne, tano;
Sisi ni wapole mno: twala gorogoro moja."

Usiku nikahesabu: karo ya Sitati, kodi,
Dawa za mama, vitabu, na benki yabisha hodi;
Nikatunga na sababu, zote zina ukaidi,
Nazipanga, zinarudi, haikai hata moja.

Gorogoro naijua, bati lililobonyea,
Mama akiipakua, watu saba wangojea;
Isipojaa, twajua, kimya, bila kuongea,
Nani atajisemea: "Leo mimi sina haja."

Asubuhi Nakhumicha, na magunia matatu,
Jembe limemla kucha, kafunga waya kiatu;
Hakuja na la kuficha, wala kumwamini mtu,
Kwake kapima, si kwetu, gorogoro moja moja.

Nilikuwa na sarafu, ya shilingi, mfukoni;
Chini ya sahani chafu, parafujo mafichoni;
Mkono wangu dhaifu, ukapapasa gizani,
Nikazungusha yamini: robo, nusu, tena moja.

Tisini. Nikaandika, na wino haukusita;
Leso ikazifunika, noti, akaifumbata;
Nakhumicha hakucheka, hakushukuru, kapita.
Kwani nini alipata? Chake, basi. Sio hoja.

Mukhwana kaja kwa ndaro, simu, kalamu, kelele:
"Mwezi huu ni kasoro, faida haiji mbele!"
Nikaikumbuka karo, ulimi ukawa ndwele,
Nikasema polepole: "Kilo yetu iwe moja."

Januari, sina jibu, kama kazi itabaki;
Kuna wiki ya taabu, lori moja halifiki,
Kuna wiki ya ajabu, foleni haipitiki.
Sisemi mimi sichoki, nachoka si siku moja.

Jioni nikishafunga, gunia nalikalia,
Vidole vingali unga, silabi nahesabia,
Beti hizi ninatunga, nane-nane kutimia;
Nawe, kama una nia, zipime tu, moja moja.