Kabati la Shangazi Nyaketcho

Mnunuzi alitoka Kampala na daftari na miwani ya kukuza,
akapangusa viatu mlangoni. Vumbi la saruji:
Tororo hakuna asiyelibeba.
Akaomba aonyeshwe vyombo vya marais.

Shangazi hakuwa na haraka.
Alimwaga kwanza maji ya mchele kwenye migomba,
ndipo akafungua kabati kwa ufunguo
unaolala kwenye pindo la gomesi yake.

Kikombe cha Uhuru, cha kaure, ukingo wa dhahabu:
walipewa watoto wa shule wote, pamoja na biskuti mbili,
na biskuti ziliisha kabla ya wimbo wa taifa.
Sahani ya mkutano fulani wa wakuu wa nchi,
ilipasuka, ikaungwa kwa gundi ya fundi viatu.
Bilauri za sherehe, jina limechongwa kwa herufi za kujipinda.
"Hizi huuzwa sita sita," mnunuzi akasema. "Naona tano."
"Hesabu unaijua," shangazi akajibu.

"Na hiki cheupe? Hakina picha."

Hapo akaketi.

Ilikuwa wiki ile serikali ilipogeuzwa kama chapati.
Redio ilipiga muziki wa gwaride kutwa,
na jioni majirani wakaanza kuzika:
picha za ukutani, vitenge vyenye nyuso, kadi za chama.
Udongo wa nyuma ya nyumba ukawa mbichi kila ua.
Mbwa hawakujua waanze kufukua wapi.

Yeye hakuzika. Mvua ya Tororo haina siri.
Alichota majivu jikoni, akashika gunzi la mahindi,
akamsugua mkubwa usiku kucha.
Ilitoka tai kwanza,
zikafuata ndevu,
halafu lile tabasamu,
ambalo, anasema, lilikuwa gumu kuliko vyote.
Alfajiri kikombe kilikuwa cheupe kama jino.

Lakini bilauri zilichongwa,
na kioo kilichochongwa hakisikii majivu.
Mumewe, Oboth, karani wa mizani pale kiwandani,
mtu wa kupima kila kitu mara mbili, alisema,
"Nitaziangusha moja moja, nitamsingizia paka.
Zote kwa siku moja, nani ataamini?"
Akaangusha moja.
Walifika kabla paka hajarudia kosa.

Waliinua bilauri kwenye mwanga wa kurunzi, wakasoma jina,
wakamwuliza: Unakunywa na nani?
Akasema, na mke wangu.
Wakacheka.
Bilauri wakaziacha mezani, zimepangwa vizuri.
Waliondoka na yeye.

Mnunuzi alikohoa, akageuza ukurasa.
Alikuwa kijana mwenye adabu; sitamsema vibaya.
"Pole, mama. Hiki kisicho na sura hakina bei.
Ila hizi tano, laki tatu."

Nilidhani atamfukuza.
Nilikuwa nimeshasimama karibu na mlango.
Shangazi akaziviringisha moja moja kwenye gazeti la zamani,
akahesabu noti, akazikunja, akazitia kwenye pindo lile lile.
"Nitanunua mabati," akaniambia, kama vile nimemwuliza.
Kisha akammiminia mgeni chai kavu
ndani ya kikombe cheupe.

Akamtazama anavyopuliza.
"Huko Kampala," akasema,
"unakunywa na nani?"

Yule akadhani ni utani wa mabibi,
akataja mchumba wake, akataja rafiki wawili,
akamaliza chai, akashukuru, akawahi gari la saa tisa.

Kuosha ni kazi yangu tangu kimo changu hakijafika beseni.
Sabuni, maji, basi; majivu hatutumii tena.
Kikombe kimekaa sawa mkononi, chepesi, hakina neno,
ila mahali pamoja, chini kidogo ya ukingo,
kidole kikipita hukwama:
mkwaruzo mwembamba, umejikunja juu pande mbili.
Huwa napaosha haraka.